Agano la Kale: njia nne za kulisoma, na ipi ichaguliwe na jumuiya yako

Jumuiya zetu hapa Tanga, za Chumbageni, Makorora, Ngamiani hadi Sahare, zinapopanga masomo ya mwaka, swali moja halikosi: Agano la Kale tulifanye nini? Ni vitabu 39 katika Biblia za Waprotestanti na 46 kwa Wakatoliki, karibu robo tatu ya kurasa zote tunazobeba kwenda ibadani. Lakini ukiangalia tunachokisoma kweli, wengi wetu tunaishi kwa Zaburi ya 23, Isaya 53, Mithali chache, na Malaki siku ya zaka.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mzee wa kanisa, mwinjilisti, katekista au kiongozi wa vijana anayetakiwa kuamua jumuiya yake isome vipi. Mimi ni Mlutheri, na hilo halitajificha. Hata hivyo kwetu Mlutheri ana shemeji Mwanglikana wa Muheza, jirani Msabato aliyeteremka kutoka Upareni, na mjomba Mwislamu anayemsalimia kila asubuhi, kwa hiyo njia zote nne nitakazozitaja nimeishi jirani nazo.

Ya kwanza ni ya wale wanaosema Agano Jipya linatosha. La Kale lilikuwa la Wayahudi, Kristo amekuja, tufunge ukurasa. Si wazo geni: Marcion, tajiri aliyetoka Sinope kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, alilifikisha mwisho kabisa. Aliyakataa maandiko yote ya Kiebrania, akabaki na Luka aliyempunguza na nyaraka 10 za Paulo, na kanisa la Roma likamtenga mwaka 144.

Ya pili husema amri za Mungu hazibadiliki: Sabato ni Sabato, najisi ni najisi, zaka ni zaka. Ya tatu ni ya kuchuma ahadi. Msomaji anapita katika Biblia akitafuta mstari wa baraka, ushindi au mafanikio, anaukiri kuwa wake, anaendelea. Ya nne ni kusoma kupitia Kristo: kwanza unasikiliza andiko lilimwambia nini Mwisraeli wa zamani, kisha unauliza Yesu na mitume wake walilifanyia nini, ndipo unaangalia limebakiza wajibu gani mikononi mwako.

Mtu mmoja anaweza kuzitumia zote nne katika Jumapili moja bila kujua. Njia bora ya kuzipima ni kuzipa andiko lile lile, tuone kila moja inafika wapi.

Pweza na kitimoto

Walawi 11 yasema kwamba katika viumbe vya majini, Mwisraeli ale chenye mapezi na magamba tu. Kwa mji wa pwani hilo si jambo la pembeni. Pweza, ngisi, kamba na kaa wote wanaanguka. Nguruwe naye yumo katika sura hiyo hiyo.

Njia ya kwanza inamaliza haraka: kula. Ni jibu jepesi, na jirani Msabato akikuuliza kwa nini Mungu aliisema sura ile, huna la kumwambia. Njia ya tatu haitui hata kidogo pale, kwa sababu ndani ya sura hamna ahadi ya kuchuma, basi inapita kimya.

Njia ya pili husema usile, na naiheshimu kuliko wenzangu wengi wanavyoiheshimu. Waadventista Wasabato walifika milima ya Upare mwaka 1903, na familia zilizoteremka huku pwani zilikuja na nidhamu inayoonekana kwa macho: hakuna kitimoto, hakuna pombe, na jua likizama Ijumaa kazi inasimama. Wanaamini Mungu anahusika na sahani yao, na sisi wengine tungefaidika kuamini hivyo. Ila hata wao hawachinji kondoo wa dhabihu, kwa kuwa wanafundisha kwamba dhabihu zilikoma msalabani. Maana yake nao wana mpaka kati ya amri inayoendelea na amri iliyotimia. Tunachotofautiana ni mahali mpaka unapopita, na nani aliuweka.

Njia ya nne inajibu kwa kufuata andiko lenyewe. Mwisho wa Walawi 11 unatoa sababu: Israeli wawe watakatifu, watu waliotengwa kati ya mataifa. Katika Marko 7 Yesu anasema kinachomtia mtu unajisi hutoka ndani ya moyo. Katika Matendo 10 Petro, akiwa Yafa, anaona nguo kubwa ikishushwa na kila aina ya mnyama, na baadaye anaelewa kwamba habari inahusu watu: Kornelio wa mataifa naye ameitwa. Matendo 15 mitume wanakutana Yerusalemu na kuwaomba waamini wa mataifa wajiepushe na mambo manne tu: unajisi wa sanamu, uasherati, nyama zilizosongolewa, na damu. Jambo ninalopenda watu waligundue katika mkutano ule ni kwamba mitume hawakuichana Torati ili kufika pale. Yakobo alisimama akanukuu nabii Amosi. Maandiko ya Kiebrania ndiyo yaliyowafungulia mataifa mlango.

Waanglikana wameliweka hili wazi katika Ibara ya 7 ya zile Ibara 39 za imani yao: sheria za ibada za Musa hazimfungi Mkristo, bali amri za maadili zinamfunga. Luther naye, katika mahubiri yake ya mwaka 1525 juu ya Musa, alisema Musa alikuwa mtoa sheria wa Wayahudi, si wetu. Lakini mtu huyo huyo alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliianza kwa Amri Kumi.

Kwa hiyo pweza mle kwa shukrani. Halafu msome Warumi 14, ambapo Paulo anakataza chakula changu kisimwangushe ndugu yangu. Hilo wenyeji wa Tanga wanalijua vizuri: kwenye harusi ya ukoo wenye dini mbili, hakuna anayepeleka nguruwe kwenye jiko la shughuli. Hapa njia ya nne inaongoza, na ya pili inaifuata kwa karibu.

Malaki, zaka na ujira wa kibarua

Hapa nitakaa, maana hapa watu wanaumizwa.

Malaki 3:10 husomwa kabla ya sadaka pengine kuliko andiko lingine lolote la manabii: leteni zaka kamili ghalani, nanyi mtafunguliwa madirisha ya mbinguni. Kwa njia ya tatu mstari huu husimama peke yake na kugeuka biashara: toa elfu kumi, ngoja laki. Nimemwona mama wa vitumbua akitoa mtaji wake wote kwa sababu mhubiri alimwahidi dirisha, na wiki iliyofuata hana unga wala mafuta ya kukaangia. Alipouliza, aliambiwa imani yake ni ndogo. Sijui namna ya kulisema hili kwa upole: kutumia nabii wa Mungu hivyo ni dhambi.

Njia ya pili inasema zaka ni amri, sehemu ya kumi, basi. Sawa, tuisome amri yenyewe. Kumbukumbu la Torati 14 yasema zaka ilikuwa ya nafaka, divai na mafuta, pamoja na wazaliwa wa kwanza wa ng'ombe na kondoo, na mtoaji na nyumba yake walikula mbele za Bwana kwa furaha. Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa ndani ya malango ya mji ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe. Anayesema amri haibadiliki na aibebe nzima. Ghala la mwaka wa tatu liko wapi katika usharika wetu? Wajane wa mtaa wanalijua lilipo?

Njia ya kwanza inakwenda 2 Wakorintho 9, kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Ni neno zuri na la kweli. Linachopoteza ni hasira ya Malaki, na hasira ile tunaihitaji.

Maana mkisoma Malaki kutoka mwanzo, sura zote nne, kazi isiyozidi robo saa kwa sauti, mtakuta anayeshtakiwa kwanza si muumini wa kawaida. Sura ya 1 inawakemea makuhani wanaoweka madhabahuni wanyama vipofu na vilema. Sura ya 2 inaanza kwa kuwaambia makuhani kwamba amri hii yawahusu wao. Na mistari mitano tu kabla ya ule wa madirisha, 3:5, Mungu anasema atakuwa shahidi juu ya wanaomdhulumu kibarua ujira wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaomnyima mgeni haki yake. Nehemia 13 inatuonyesha ghala lilikuwa la nini: Walawi walipokosa posho yao waliliacha hekalu wakarudi mashambani kulima wale. Zaka ilikuwa chakula cha watumishi na cha maskini. Yesu mwenyewe, katika Mathayo 23, aliwakuta watu wanatoa zaka hata ya mnanaa na bizari huku wameacha adili, rehema na imani. Akasema haya yafanywe na yale yasiachwe.

Soma hivyo, na Malaki anageuka kumtazama anayeshika kapu la sadaka kabla ya kumtazama anayetumbukiza.

Habari ya kibarua inatugusa sana huku. Tangu Richard Hindorf alipoingiza mkonge mwaka 1893, mkoa huu umejengwa kwa migongo ya watu wanaolipwa kwa siku au kwa idadi ya mafungu waliyokata. Walawi 19 yakataza ujira wa kibarua kulala kwako hata asubuhi. Kumbukumbu 24 yaongeza kwamba jua lisichwe kabla hujamlipa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumaini ujira huo. Yakobo, ndani ya Agano Jipya, anapiga kelele juu ya ujira uliozuiliwa kwa hila, na kelele yake yote imetoka kule. Anayefunga Agano la Kale anasikia mwangwi bila kujua sauti ilianzia wapi.

Tazameni na mizani. Wakulima wa Lushoto wanaijua lumbesa: gunia linajazwa, linashonewa kofia juu, na mnunuzi analipa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo imeipiga marufuku, na bado ipo. Amosi 8 inawataja kwa sura zao wale wanaongoja Sabato ipite ili wauze ngano, wakipunguza kipimo na kuongeza uzito wa fedha. Kumbukumbu 25 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Agano Jipya halina sura inayokaa sokoni namna hii. Halikuwa na haja, kwa kuwa waandishi wake na wasikilizaji wao walikuwa wameshaisikia kwa manabii. Na mkulima wa machungwa kule Muheza akisoma kwamba masazo ya shamba yaachwe kwa maskini na mgeni, hahitaji mfasiri.

Katika pima hii njia ya nne imeziacha nyingine mbali sana.

Barua ya Yeremia

Hili ni fupi. Yeremia 29:11, ule wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, uko kwenye vioo vya bajaji na kadi za mahafali. Njia ya tatu inaupenda, nami sitamnyang'anya mtu faraja yake. Ila mstari wa 10 unasema watakaoupokea watangoja miaka 70. Ni barua kwa mateka waliopelekwa Babeli, na wengi wao wangefia huko. Mstari wa 7 unawaagiza wautakie mji ule amani na kuuombea. Mhitimu akipewa mstari wa 11 apewe na wa 7 na wa 10, atakuwa na imani inayostahimili kukaa muda mrefu bila ajira.

Yeriko, na bibi kizee anayeitwa mchawi

Pima ngumu kuliko zote. Yoshua 6 inaeleza mji ulioangamizwa, wanaume na wanawake, vijana na wazee. Kutoka 22:18 inaamuru mwanamke mchawi asiachwe aishi. Nchini mwetu vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mtu asiniambie hili ni suala la vitabuni.

Njia ya tatu hapa ni ya hatari. Inaimba kuta za Yeriko zikianguka, na Mkanaani anakuwa mwenye duka la jirani, mke mwenza, au mama mkwe aliyeotwa usiku. Njia ya pili inasimama na kusita, kwa sababu hata anayesema amri zote zinadumu hathubutu kuitekeleza hii, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Njia ya kwanza inatupa kitabu nje. Mikono yake inabaki safi, lakini kijana aliyekutana na sura hizo mtandaoni anabaki na swali lake, na akiona tunalikwepa anaondoka.

Njia ya nne haiondoi uzito wote, na mwalimu asijifanye kuwa inaondoa. Inatoa mambo mawili ya kushika. Kwanza, maandiko ya Kiebrania yenyewe yanajadiliana. Kumbukumbu 23 inamzuia Mmoabi asiingie katika kusanyiko la Bwana. Kitabu cha Ruthu kinamleta mwanamke Mmoabi na kumfanya mama wa babu yake Daudi. Yona anataka Ninawi iangamie, na Mungu anamhoji: nisihurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia? Pili, Yakobo na Yohana walipotaka kuushushia moto kijiji cha Wasamaria, jambo ambalo Eliya aliwahi kuwafanyia watu, Yesu aligeuka akawakemea. Luka 9 ndiyo hukumu yangu juu ya kila anayeisoma Yeriko akimtafuta jirani yake.

Kuhusu Zaburi sina la kulinganisha kwa kirefu. Msibani njia zote nne hukutana, na ni vizuri. Niongeze tu kwamba Zaburi ya 88 inamalizika gizani bila neno la shangwe, na Yesu msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22. Jumuiya ambayo haijafundishwa kumlalamikia Mungu kwa maneno ya Mungu humwambia mfiwa anyamaze mapema mno.

Basi nani achague nini

Jumuiya ya watu wazima yenye kiongozi anayejiandaa: chukueni njia ya nne bila kusita. Wakatoliki tayari mnayo katika masomo ya Dominika. Tangu marekebisho ya mwaka 1969, somo la kwanza kwa kawaida latoka Agano la Kale, isipokuwa kipindi cha Pasaka linapotoka Matendo ya Mitume, na limechaguliwa lishikamane na Injili ya siku hiyo. Mnachokosa ni sura nzima kabla na baada ya kipande kilichosomwa, na hiyo ndiyo kazi ya jumuiya katikati ya wiki.

Kwa aliyebatizwa juzi, anzeni na Injili ya Luka. Hili ndilo eneo pekee ninapoikubali njia ya kwanza, nayo kwa miezi michache tu. Luka mwenyewe atawarudisha nyuma: Yesu anaanza kazi Nazareti akisoma Isaya, na baada ya kufufuka anatembea na wawili wa Emau akiwaeleza Musa na manabii wote.

Vijana wapeni manabii, Amosi kwanza. Wana hasira ya haki na hawajaambiwa kwamba Biblia inayo pia.

Kwa nyumba yenye dini mbili, na Tanga zimejaa, someni habari za Yusufu, Mwanzo 37 hadi 50. Shangazi Mwislamu anaijua kutoka Sura ya 12 ya Qurani, na mazungumzo yatakuwa ya watu wanaofahamu kisa kimoja kwa namna mbili. Pwani hii ina historia yake hapo: mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutia Biblia katika Kiswahili, alianza na Mwanzo, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji.

Kiongozi yeyote, hata akichagua njia gani, asifundishe kana kwamba Wayahudi wamekwisha. Maandiko haya ni yao hai hadi leo, kwa hesabu ya vitabu 24 na kwa mpangilio wao: Torati, Manabii, Maandiko. Wao wanamaliza na Mambo ya Nyakati, pale mfalme Koreshi anapowaruhusu mateka wapande kwenda Yerusalemu. Sisi tunamaliza na Malaki akimngojea Eliya. Paulo anawaonya Warumi kwamba tawi lililopandikizwa halilibebi shina, bali shina ndilo linalolibeba. Wakatoliki walilitamka tena mwaka 1965 katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Kuhusu Biblia ya kushika: Union Version ya mwaka 1952 ndiyo iliyo vinywani mwetu, kwa hiyo Zaburi na mistari ya kukariri isomwe humo. Kwa masimulizi marefu na manabii, Habari Njema inaeleweka haraka, hasa na watoto. Kama jumuiya ina Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, tafuteni toleo la Habari Njema lenye Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili, ili hakuna anayekaa na kitabu pungufu mkononi.

Na msianze Mwanzo sura ya 1 mkakusudia kwenda mfululizo. Wengi hukwama Walawi na hawarudi. Anzeni Mwanzo 12 hadi 50, kisha Kutoka 1 hadi 20, rukeni hadi Kumbukumbu la Torati, Ruthu kwa jioni moja, Samweli wa Kwanza, Amosi, Yona, Isaya 40 hadi 55, na Malaki kwa mkao mmoja kutoka mstari wa kwanza. Walawi muisome baada ya hapo, mkianzia sura ya 19.